Hesabu ya Jiko Letu

Leo nataka kuwaeleza habari ya jiko letu. Ina aibu kidogo, maana mimi ni karani wa parokia, na fedha za kanisa hazipiti mkononi mwangu bila kuandikwa. Tena nalisoma chuo cha ualimu, na huko nalifunzwa namna ya kuwafundisha watoto kujumlisha na kutoa. Lakini nyumbani kwangu nalishindwa na hesabu ya chumba kimoja.

Jiko letu lilikuwa banda la udongo nyuma ya nyumba, lenye paa la nyasi na mafiga matatu. Kuta mbili zilikuwa bado nzima, mbili zilikuwa zimeliwa na mvua. Moshi haukuwa na njia ya kutokea. Mke wangu alipika huku akifuta macho, na mtoto wetu mdogo, aliyeshinda naye humo, alikohoa usiku kucha. Wengi wetu huona moshi ni jambo la kawaida. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa katika mwaka 2020 watu wapata milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, itokanayo na moshi wa kuni, mkaa na mafuta ya taa. Wanaoivuta zaidi ni akina mama na watoto wadogo, kwa kuwa hao ndio wakaao jikoni.

Basi mwaka 2023, baada ya kuuza maharage ya mavuno mawili, tulikuwa na shilingi 550,000. Jioni moja nikaketi peke yangu nikaandika hivi: mabati 8 kwa shilingi 25,000, jumla 200,000, saruji mifuko 6 kwa 17,000, jumla 102,000, matofali ya kuchoma 900 kwa 120, jumla 108,000, mchanga 60,000, fundi 80,000. Nikajumlisha, nikapata 550,000 kamili. Nikafurahi sana, nikaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Mke wangu sikumwonyesha.

Mwezi wa Novemba fundi akaja, akaezua nyasi zote siku ya kwanza. Mabati na saruji vilikuwa mjini, na mwenye gari akataka shilingi 45,000. Hizo sikuziandika. Nikazitoa katika fedha za fundi. Kesho yake fundi akaniuliza, "Karani, mbao ziko wapi? Na misumari je?" Nikanyamaza. Nani asiyejua kwamba mabati hayakai hewani? Mbao zilitaka 72,000, na misumari 12,000. Pamoja na zile za gari, upungufu ukawa shilingi 129,000. Fundi akakusanya vyombo vyake akaenda zake, na mvua zikaanza. Majuma matatu mke wangu alipika upenuni mwa nyumba, kuni zimelowa, moshi ukizidi hata ule wa zamani.

Sasa nitawaambia neno ambalo ni zito kwangu. Jumamosi moja jioni nilibaki peke yangu ofisini. Sandukuni mlikuwa na fedha za waumini, nyingi kuliko hizo nilizozihitaji, na ufunguo ni wangu. Nikawaza moyoni, "Nitazirudisha mwisho wa mwezi. Nani atajua?" Nikafungua, nikazihesabu mara mbili. Kisha nikatazama daftari, nikaona mwandiko wangu mwenyewe: jina la mjane mmoja wa kigangoni, na shilingi zake 500. Nikalifunga sanduku, nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu yote, hata habari ya sanduku.

Hakunigombeza. Alisema, "Baba, lete hiyo karatasi yako." Akaisoma, akatikisa kichwa. "Mbona hukuniuliza? Ukuta wa upande wa mlango ukifika juu, moshi utatokea wapi? Uishie kifuani. Na mbao za kununua ni za nini, nasi tunayo mikaratusi shambani?"

Tukaanza hesabu upya, wawili. Ukuta ulipofupishwa, matofali 300 yakabaki, jirani akayanunua kwa shilingi 36,000. Miti tukaikata wenyewe, na zile 72,000 za mbao hazikuhitajiwa tena. Zikabaki 57,000 za fundi na misumari. Tukatoa zile 36,000 za matofali, na 21,000 zilizosalia akazitoa mke wangu katika fedha zake za karanga. Kabla ya Noeli paa lilikuwa juu. Meko yameinuliwa hata kiunoni, asipike ameinama, na moshi unapita juu ya ule ukuta mfupi. Mtoto sasa analala usiku.

Habari ya mtu yule wa Injili ya Luka aliyetaka kujenga mnara nimeisikia kanisani mara nyingi. Sikudhani kama ni yangu.

Kwa hiyo, wenzangu mnaotaka kutengeneza jiko, nawashauri haya. Kwanza, andikeni vile mlivyo navyo tayari, kama miti, mawe na mchanga wa mtoni, kabla ya kuandika vya kununua. Pili, msisahau gari, misumari na chakula cha fundi. Hivyo vidogo ndivyo vimalizavyo fedha. Tatu, wekeni kando fungu moja katika kumi kwa ajili ya yale msiyoyajua. Nne, msiezue paa la zamani mpaka vitu vyote vya paa jipya viwe uani, tena fanyeni kazi hiyo wakati wa kiangazi.

Na lililo kubwa kuliko yote ni hili: ewe baba, kabla hujamwita fundi, keti kwanza na mama wa nyumba, umpe kalamu aandike. Yeye ndiye alijuaye jiko.