Maumivu ya Mgongo

Katika vijiji vyetu hakuna ugonjwa usemwao sana kama mgongo, wala hakuna uangaliwao kidogo kama huo. Mkulima atokapo shambani hushika kiuno. Mama atuapo ndoo hunyoka polepole. Na sisi walimu, tuinamao juu ya madaftari hata usiku, twayajua maumivu hayo. Kila mtu ana shauri lake: huyu asema lala kitandani, yule asema uchanjwe chale. Twapenda leo kueleza mgongo ni kitu gani, maumivu yapi hutulizwa nyumbani, na yapi hayafai kungojwa.

Uti wa mgongo si mfupa mmoja kama fimbo. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na chini yake zile zilizoungana mpaka kifandugu. Kati ya pingili za juu na za kiuno mna vipande laini vyenye kunyumbuka, vizuiavyo mifupa isisagane. Na ndani yake hupita mishipa ya fahamu. Misuli ndiyo ishikayo yote, kama kamba zishikavyo mlingoti wa jahazi.

Mtu akiinua mzigo kwa ghafula, au akiinama saa nyingi, misuli hiyo huuma. Maumivu ya kiuno yaliyo mengi, yapata 90 katika kila 100, hayana ugonjwa maalumu uwezao kuonekana. Tena maumivu mapya mara nyingi hupungua yenyewe katika majuma machache.

Je, mwenye maumivu hayo alale? Zamani matabibu wengi walishauri hivyo. Lakini mwaka 1995 matabibu wa Ufini, nchi ya kaskazini mwa Ulaya, walitangaza habari za wafanya kazi 186 wa mji wa Helsinki walioumwa mgongo. Wengine walilazwa siku mbili, wengine walipewa mazoezi ya viungo, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri ya nguvu zao. Hao wa mwisho ndio waliopona upesi kuliko wote.

Basi, mwenye kuumwa na atembee kidogo kidogo. Aiache mizigo mizito kwa siku chache, lakini asiache kazi nyepesi. Kitambaa cha maji ya moto humtuliza. Mzigo uinuliwapo ushikwe karibu na mwili, maana ulio mbali hulemea zaidi. Maji ya ndoo ya lita 20 yana uzito wa kilo 20: afadhali kuchukua nusu mara mbili. Na hapa twasema na wanaume wenzetu: mgongo wa mama si punda. Baiskeli ya baba ikichukua madumu ya maji, si aibu.

Walakini, si kila mgongo ni uchovu. Tulikuwa na mwanafunzi wa darasa la tano ambaye kila siku ya kulima shamba la shule alisema mgongo wamwuma. Wenzake walimwita mvivu. Tulipomwuliza faraghani, alisema kwamba maumivu humwamsha usiku naye hutoka jasho. Tena alikuwa amekonda. Alipoinua shati, tuliona pingili moja imetokeza. Tukaenda kwa baba yake. Mzee aliamini kwamba jirani amemroga mtoto, na fedha alikwisha kuziweka tayari kwa mpiga ramli. Tulizungumza mpaka usiku wa manane. Kulipokucha akakubali kwenda hospitali.

Ilionekana kuwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Tabibu Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na kijidudu chake kilitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882. Hula pingili, na ukiachwa huweza kupooza miguu. Lakini dawa zake ziko, na katika Tanzania na Kenya hutolewa bila malipo. Kijana alizimeza kila siku kwa miezi mingi. Kinundu kimebaki, lakini anatembea. Na jirani yule bado huazima jembe kwa baba yake.

Kwa hiyo, mgongo uumao pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, au ulioanza kuuma baada ya kuanguka, upelekwe hospitali. Na mtu ambaye miguu yake yalegea, au amekufa ganzi kati ya mapaja, au ashindwa kuzuia mkojo au kuutoa, apelekwe siku iyo hiyo, asingoje mapambazuko. Wahenga walisema: mficha ugonjwa, kilio kitamfichua. Basi mtoto akisema mgongo wamwuma, tusimwite mvivu kabla ya kumwuliza.