Aina Isiyojulikana

Bibi alipopatwa na kiharusi, Kiswahili kilimtoka, Kisambaa kikabaki. Daktari alisema huwatokea baadhi ya watu wenye lugha zaidi ya moja. Mimi nimekulia Dar es Salaam. Baba alitupa jina la ukoo na safari za Desemba, lugha hakutupa. Kwa hiyo nilipopanda Soni kumsaidia Shangazi kuuguza, nilikuwa mtu pekee nyumbani asiyemwelewa mgonjwa.

Nilikuja na laptopu. Zilibaki siku 9 niwasilishe sura ya matokeo, na data zangu za mvua zilikuwa kwenye seva ya Linux, chuoni. Usiku wa tatu, Bibi alipolala, niliegesha simu dirishani panaposhika mtandao, nikaingia kwa `ssh`. Nywila ilikubaliwa. Nikaandika `clear` nisafishe skrini. Nikajibiwa kwamba `xterm-kitty` ni aina ya teminali isiyojulikana. `nano` ikakataa kufunguka. Nilipobonyeza kitufe cha kufuta, herufi hazikuondoka. Ziliongezeka nafasi tupu.

Hapo nikaogopa. Nilikuwa nafuta folda ya zamani, `matokeo1`, na kazi ya miezi minne ilikuwa `matokeo2`. Nilikuwa nimekosea tarakimu, nikaisahihisha, lakini skrini haikuonyesha hivyo. Amri ya `rm` haina pipa la taka la kwenda kuokota. Nikabonyeza Ctrl na C, nikakaa kimya.

Zamani teminali ilikuwa mashine nzima, kioo na kibodi, kama VT100 ya kampuni ya DEC iliyotoka 1978. Kila aina ilikuwa na ishara zake za kufuta, kusogeza na kusafisha. Linux huzihifadhi ishara hizo katika kamusi iitwayo terminfo. Unapoingia kwa `ssh`, laptopu hupeleka jina tu, kupitia kigezo cha `TERM`. Kamusi yenyewe haisafiri. Seva ilikuwa ya siku nyingi. Programu yangu ya teminali, kitty, niliiweka mwezi uliopita. Hakuna kilichoharibika upande wowote. Hawakujuana tu.

Dawa ya haraka ni `export TERM=xterm-256color`: unajitambulisha kwa jina ambalo mwenyeji analijua. Mambo mengi yakaenda sawa, nikafanya kazi hadi saa saba usiku.

Asubuhi Bibi alitaka kitu. Alirudia neno lilelile. Nikamletea shuka. Nikamletea mkongojo. Akageuzia uso ukutani. Shangazi aliporudi kutoka shambani aliuliza mara moja tu.

“Anataka maji. Anasema mazi. Si yamefanana?”

Yamefanana. Lakini mdomo wake ulikuwa umepinda, na mimi nilikuwa nasikiliza Kiswahili. Kwa siku tatu nilikuwa nimeitikia kwa kichwa kila alichosema, kana kwamba naelewa, naye akaamini nimeelewa. Ni mara ngapi aliomba maji, nami nikatabasamu?

Usiku ule nilitafuta dawa ya pili, ile ya kudumu:

`infocmp -x | ssh seva tic -x -`

Amri hii inachukua maelezo ya teminali yako na kuyaandika upande wa pili, ndani ya folda yako mwenyewe, bila kumwomba msimamizi ruhusa. Ilimaliza kufumba na kufumbua. Niliandika `clear`, skrini ikasafishika.

Kesho yake nilifungua daftari la utafiti kurasa za nyuma, nikamwomba Shangazi aniambie maneno: maumivu, baridi, nigeuze, njaa.

“Andika, mwanangu, lakini kwanza sema. Mdomo ndio unaojifunza.”

Sura niliiwasilisha siku mbili baada ya tarehe, nikakaripiwa. Jioni hiyo nilimwambia Bibi sentensi nzima ya Kisambaa, kumuuliza kama anasikia baridi. Akanitazama kwa muda, akaisahihisha polepole, kisha akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nikairudia. Akatikisa kichwa: bado. Nikairudia tena.