Kutoka Makutupora Hadi Kondoa: Maskini ni Nani?

Barabara iendayo Kondoa hutoka Dodoma mjini ikaelekea kaskazini, na tangu ilipotiwa lami hadi Babati imewaondolea wasafiri adha kubwa ya vumbi iliyowatesa wazee wetu. Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga, aliyezoea vuli na masika, atastaajabu akiambiwa kwamba huku msimu wa mvua ni mmoja tu. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikakoma Aprili, na yote ikikusanywa katika mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 550 au 600. Tena ina tabia ya kukatika Januari au Februari, wakati mtama umefika magotini na mkulima hana mbegu ya kurudia.

Si mbali na mji, msafiri hufika Makutupora. Hapo ndipo vilipo visima virefu vinavyounywesha mji wa Dodoma, na kina cha maji yake kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1950. Ni mojawapo ya kumbukumbu ndefu za maji ya ardhini katika Afrika ya kitropiki. Wataalamu walioichambua wakatoa matokeo yao mwaka 2013 walionyesha kwamba maji yale hayajazwi sawasawa na mvua ya kila mwaka. Hushuka polepole mwaka hata mwaka, kisha hujazwa ghafla na misimu michache ya mvua kubwa, hasa ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Anayetaka kujua habari za Makutupora kwa kutazama wastani wa mwaka mmoja atapotoka.

Nimelitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa maisha ya watu wa kanda ya kati nayo yana mwendo huo huo.

Serikali hupima hali ya wananchi kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Katika ule wa 2017/18, mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na asilimia 31.3 ya watu wa vijijini walionekana kuwa chini yake. Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 33.3. Takwimu hizo si za kubezwa, maana bila hizo tungekuwa tunabahatisha. Walakini mstari huo hutazama kile ambacho kaya imetumia: unga, sabuni, nauli na kadhalika. Mkulima aliyeuza alizeti yake, akajinyima ili anunue mabati na ng'ombe wa kukokota plau, anaendelea kula ugali na mlenda kama mwaka jana, na kwa hiyo yamkini ataandikwa maskini kama mwaka jana. Kinyume chake hunitisha zaidi. Mwaka wa ukame jirani yake huuza ng'ombe wawili ili anunue mahindi. Matumizi yake yanabaki pale pale, kumbe zizi limekwisha.

Mtu wa Ugogo akikuamkia kwa mbukwa yake, mkaketi kivulini mwa tembe, habari ya shilingi kwa mwezi haitasikika. Jambo linalojulikana ni kihenge cha nani kilikwisha mwezi gani. Aliyekula uwele wake hadi mavuno mapya yalipoingia ni mwenye nacho. Yule ambaye kihenge chake kilikuwa kitupu Krismasi huenda kulima kibarua katika mashamba ya watu ili watoto wale, na siku hizo hizo shamba lake mwenyewe linamezwa na magugu. Basi mavuno yajayo yatakuwa haba zaidi, na kihenge kitakwisha mapema zaidi.

Kipimo hicho kimefundishwa na machungu. Njaa ya Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hadi 1920, iliua takriban watu 30,000 kati ya Wagogo 150,000. Ukame ulikuwapo, lakini haukuwa peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Jua lilizikuta kaya hazina akiba.

Ukipita Chemba ukakaribia milima ya Irangi, utaanza kuona makorongo mekundu yaliyochimbwa na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden ili kuiponya ardhi hiyo. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Msomaji ajaribu kufikiri maana yake. Ng'ombe alikuwa ndiye benki, ndiye mahari, ndiye mbolea, na ndiye heshima ya mzee mbele ya wenziwe. Kipimo kizima cha utajiri kiliambiwa kihame. Wengine waliwakabidhi wanyama wao kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka. Nyasi na miti ilirudi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini wakaruhusiwa. Ukiuliza kama watu nao walipona kama ardhi yao, jibu hutofautiana nyumba kwa nyumba.

Mtaalamu wa Sweden, Wilhelm Östberg, aliyeandika juu ya mageuzi ya Kondoa tangu 1986, alichunguza pamoja na wenzake vijiji viwili vya kanda hii ya kati kati ya 1991 na 2016. Walitumia vipimo vya wanakijiji wenyewe: hapa mwenye nacho ni nani, wa kati ni nani, hohehahe ni nani. Ndipo kaya zikapangwa katika mafungu yake. Mwanzoni asilimia 50 hadi 55 zilikuwa katika mafungu ya chini kabisa. Baada ya miaka 25, asilimia 64 katika kijiji kimoja na 71 katika kingine zilikuwa katika mafungu ya kati. Mali hiyo ilitoka shambani, hasa kwenye alizeti, ikaenda kwenye nyumba bora, masomo ya watoto, vyombo vya usafiri na samani.

Habari hizi zinafurahisha, ingawa mimi sizipokei bila tahadhari. Alizeti huvumilia ukavu kuliko mahindi, lakini bei yake haimo mikononi mwa mkulima. Bati nalo, ambalo kila mtu hulitaja kwanza, haliliwi, wala kuliuza Februari si jambo la heshima. Tembe la udongo ni baridi zaidi mchana.

Wewe msomaji unayetuma fedha nyumbani toka kiwandani au ofisini, huenda ndiwe uliyemwezekea mama yako bati hilo. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, wanakijiji hushiriki mkutanoni kuzitaja kaya zinazostahili, kisha kaya huhojiwa juu ya hali na mali zake. Mgeni mwenye dodoso huliona bati tangu barabarani. Majirani wanajua kwamba chini ya bati lile kihenge kilikwisha zamani, na kwamba mama analima kibarua kwa debe la mtama.

Mwaka wa mvua njema hakuna atakayegombania orodha. Ni pale Januari mvua inapokatika ndipo watu wa kijiji huanza kuhesabiana kimya kimya, kila jioni, kwa kutazama moshi wa jikoni: nyumba ipi imefuka leo, na ipi haijafuka tangu juzi.