Gofu bila maringo

Naomba nikiri mapema, mpenzi msomaji: kwa mwaka mzima niliichukia gofu kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Kila Jumamosi saa 12 asubuhi mume wangu anavaa fulana yake ya kola, anabeba mfuko wa fimbo na kupotea hadi alasiri. Mimi nabaki na watoto, soko, saluni na maswali. Mabosi wote ofisini kwao wanacheza, aliniambia, na mambo mengi yanaamuliwa uwanjani kabla hayajafika kwenye kikao. Sawa. Lakini ndoa nayo inaamuliwa wapi?

Siku moja nikasema liwalo na liwe, naenda naye. Wapi, sitataja. Mlangoni nikaangaliwa kuanzia nywele hadi viatu, nikaambiwa jinzi hairuhusiwi, halafu nikaulizwa mimi ni mgeni wa nani. Nilipojibu "wa mume wangu," yule dada wa mapokezi akamtazama mume wangu kama vile naye hamfahamu sawasawa. Niliishia kukaa kwenye gari na simu yangu. Safari ya kurudi nyumbani tuligombana njia nzima.

Julai tukaenda Nairobi, harusi ya binamu yake. Shemeji yetu, mwenyeji wa huko, aliposikia kisa chetu alicheka sana. "Kesho nawapeleka mahali hakuna atakayewauliza mjomba wenu ni nani," akasema.

Kweli bwana. Asubuhi yake, baridi ile ya Nairobi ya kutoa moshi mdomoni, tukashika barabara ya Ngong hadi kwenye uwanja wa mbio za farasi, Ngong Racecourse. Mbio zimekuwa zikifanyika hapo tangu mwaka 1954. Ndani ya eneo hilo hilo la farasi ndipo ilipo Golf Park: uwanja wa gofu, pamoja na sehemu ya kupigia mipira ya mazoezi. Huhitaji kuwa mwanachama wa popote. Unalipia mipira yako, unaazima fimbo kama huna, unasimama kwenye mstari na kupiga. Basi.

Kwa jiji kama Nairobi hilo si jambo dogo. Pale gofu ina ukoo wake. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na mashindano ya Kenya Open yalichezwa mara ya kwanza mwaka 1967, kule Muthaiga. Ni sehemu zenye heshima zao na sina ugomvi nazo. Tatizo ni kwamba mtu anayeanza hahitaji heshima, anahitaji mahali pa kukosea bila kuonekana kituko.

Na mimi nilikosea, jamani! Mpira wa kwanza sikuugusa kabisa. Wa pili nilichimba nyasi. Wa tatu uliruka pembeni, nikaangalia kushoto na kulia nani ameniona. Kulia kwangu kulikuwa na mzee mwenye sweta la kufuma, kushoto vijana wawili, msichana na mvulana, wanapokezana fimbo moja na kuchekana. Hakuna aliyeshtuka. Yule mzee akaniambia, "Pole pole, mama. Huo mpira hauna haraka, haujaolewa."

Kocha aliyekuja kunisaidia hakuanza na nadharia. Aliniuliza swali moja tu: "Unataka kushindana ama unataka kufurahia?" Nikasema kufurahia. Akanipa fimbo namba saba, akanipanga miguu, akaniambia macho yabaki kwenye mpira hata baada ya kuupiga. Mpira wa kumi hivi ukaondoka. Sio mbali, lakini ukaondoka kwa sauti ile tamu ya "tak!", nami nikapiga kelele kama nimeshinda bahati nasibu. Ile jinzi yangu bado nimeivaa.

Mume wangu alikuwa mistari miwili mbele, mipira yake inaenda mbali kweli kweli. Akaanza kujivuna. Kocha akamkata taratibu: Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, mpira unasafiri mbali zaidi kuliko kwenu pwani. "Ukirudi Dar usishangae, bosi." Tukacheka wote, na mume wangu naye akacheka. Nikagundua kuwa sijamwona akijicheka muda mrefu.

Tulipokaa kunywa chai ndipo alipotoa la moyoni. Kumbe katika mwaka ule mzima hajawahi kumaliza mashimo 18 hata mara moja. Alikuwa akifika, anapiga mipira michache peke yake kwenye kona, wakubwa wakija anasingizia mgongo. Aliona aibu kucheza mbele yao, na aibu kubwa zaidi kurudi nyumbani mapema akaniambia kwamba hawezi. Zile Jumamosi nilizokuwa nazipigia hesabu za michepuko, mwenzangu alikuwa amejificha na mfuko wa fimbo.

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwambia tu, "Na mimi nimechimba nyasi za watu leo. Tuko sawa."

Ukitaka kujaribu na mwenzi wako, huna lazima ya kupanda ndege. Dar kuna uwanja wa Lugalo, ambao ni wa jeshi letu JWTZ lakini raia nao wanacheza, na Arusha, Moshi na Morogoro nako gofu ipo. Kabla ya kwenda piga simu, uliza maswali matatu: Naruhusiwa kuvaa nini? Naweza kuazima fimbo? Kuna kocha wa wanaoanza? Sikiliza sauti zaidi ya majibu. Akikujibu mtu kwa uchangamfu, nenda. Akikuuliza wewe ni nani, tafuta kwingine.

Usinunue seti nzima ya fimbo mwezi wa kwanza. Sheria zinaruhusu hadi 14, lakini kwa kujifunzia mbili tatu zinatosha kabisa. Na tafadhali, kaka zangu, usimfundishe mkeo mwenyewe. Mlipie kocha, kisha ukae pembeni umshangilie.

Siku hizi Jumamosi zetu ni za zamu. Moja ni yake, moja ni yangu na mashosti, moja tunawapeleka watoto kwa bibi yao na kwenda kupiga mipira wawili. Mwezi ujao ofisini kwao kuna mashindano. Safari hii amemwambia bosi wake ukweli, kwamba bado anajifunza, na bosi akamjibu aje hivyo hivyo. Bila shaka atashika mkia. Nami nitakuwepo, suruali ya kitambaa nimeshainunua.