Mvua Inanyesha, Watoto Wako Ndani

Akina mama wenzetu, kwa sisi tunaokaa pwani ya Lindi mwezi wa Aprili una adha zake. Kaskazi imekwisha, kusi inaanza kuvuma, mvua inapiga mabati tangu alfajiri, na watoto ambao hawajaanza shule wanazunguka miguuni mwetu jikoni. Kuwatoa nje hatuwezi. Hapa Kilwa Masoko madimbwi hujaa upesi, na mtoto wa miaka mitatu hahitaji maji mengi ili azame. Basi wanabaki ndani, na siku inakuwa ndefu kwa mama na kwa mtoto pia.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sababu nyingine ya kutafuta njia. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani hii mwanzoni mwa Mei 2024, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, katika wilaya yetu hii ya Kilwa, na magari yakakwama huku na huko. Kitindamimba wetu alikuwa na miaka mitatu. Habari za barabara hakuzijua. Alichosikia ni upepo usiku kucha na sauti za watu wazima wenye hofu. Tangu hapo mvua ikianza tu, yeye yuko chini ya kitanda. Kumwambia "usiogope" hakukusaidia kitu, kwa kuwa alikuwa ameona wazi kwamba na sisi tuliogopa.

Kilichomtoa chini ya kitanda ni kopo tupu la maziwa. Tulichagua lenye kuta zilizosimama wima, tukaliweka uani mbali na mwembe na mbali na maji yanayochuruzika kutoka kwenye bati. Mvua ikipumzika tulitoka pamoja na rula ya kaka yake tukapima. Katika kopo la namna hiyo, kina cha maji ndicho kipimo cha mvua yenyewe, na milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba ya ardhi. Hayo ya lita tulimwachia kaka mtu, aliye darasa la tano. Mdogo alipewa kazi ya kuchora mstari kwa mkaa ukutani: maji mengi mstari mrefu, maji machache mstari mfupi. (Mwenye nyumba ya kupanga atumie karatasi!) Siku ya kwanza alichora huku ameng'ang'ania upindo wa kanga. Baada ya wiki mbili hivi alikuwa anauliza habari za kopo kabla mvua haijakatika. Radi bado haipendi, wala sisi hatuipendi.

Kutoka hapo tukaona kwamba vitu vya kufundishia vimejaa jikoni. Vifuu vya nazi ni vipimo vizuri kuliko vikombe vya dukani. Mpe mtoto beseni la maji, kifuu kikubwa, kifuu kidogo na jagi, umuulize: vingapi vitajaza jagi? Kisha mimina maji ya kifuu kimoja katika chupa nyembamba, na ya kifuu kilekile katika sufuria pana. Atakuambia chupa ina maji mengi zaidi, kwa sababu yamepanda juu. Msomi wa Uswisi, Jean Piaget, aliyefariki mwaka 1980, aliwajaribu watoto kwa njia ya namna hii, akaona kwamba wengi walio chini ya miaka saba hivi hujibu hivyo hivyo. Kwa hiyo usimcheke wala usimsahihishe haraka. Mwache amimine tena na tena. Maji hayagharimu kitu wakati wa masika.

Sarafu nazo zinafaa sana. Weka karatasi nyepesi juu ya sarafu, usugue polepole kwa penseli, na picha inajitokeza: kifaru kwenye ya 50, swala kwenye ya 100, simba kwenye ya 200, nyati kwenye ya 500. Wakubwa kidogo waambie kwamba Kilwa Kisiwani, pale ng'ambo, masultani walipiga sarafu zao za shaba karne nyingi zilizopita, na kwamba mwaka 1944 askari mmoja aliokota baadhi yake ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Watoto wetu walibishana jioni nzima, na chakula kikaiva kwa amani.

Bibi yao anapokuja huwa anawafundisha kusuka ukili na kutega vitendawili. Sisi tunawataka watunge vya kwao kutokana na vyombo vilivyo mbele yao. "Mbuzi wetu hali majani, anakula nazi." Jibu liko jikoni, lakini mtoto amelifikiria neno kwa pande mbili.

Tahadhari moja. Komwe, kunde na choroko huingia puani na masikioni, kwa hiyo aliye chini ya miaka mitatu asiachwe nazo peke yake. Korosho zenye ganda tusiwape wahesabie, maana mafuta ya ganda huunguza midomo na ngozi mtoto akilitafuna.

Kunde hizo hizo, baada ya kuhesabiwa, tulizipanda katika vifuu viwili vyenye mchanga wenye unyevu. Kimoja tuliweka dirishani, kingine ndani ya kabati. Baada ya siku chache zote zilikuwa zimechipua. Za dirishani zilikuwa fupi na za kijani. Za kabatini zilikuwa ndefu, za manjano, zimelala. Tuliwauliza ni kwa nini, hatukuwapa jibu. Kesho yake asubuhi tulikuta kifuu cha kabatini kimehamishiwa dirishani, na hakuna aliyekubali kwamba ni yeye.