Ningu Apandapo Mto Sio

Wengi wenu mliokulia kando ya Ziwa Victoria huenda mlimjua ningu kabla hamjajua kusoma. Ni samaki wa wastani, mwenye midomo minene na miiba midogo mingi. Mama zetu walimpasua, wakambanika kwa moshi, kisha wakampika kwa karanga. Leo watoto wa nyumba hizo hizo hawalijui hata jina lake. Mimi ni mtumishi wa serikali katika uvuvi, niliyesomea ualimu kabla sijaingia kazi hii, na kila msimu wa mvua wajibu wangu ni kumngoja ningu ukingoni mwa Mto Sio, nimhesabu.

Desturi yake ni hii. Huishi ziwani, lakini hazai humo. Mvua za masika zinapoujaza mto, na tena zile za mwisho wa mwaka, huliacha ziwa akapanda dhidi ya mkondo mpaka afike penye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Hapo hutaga, kisha hurudi. Samaki wa salmoni wa Amerika ya Kaskazini, anayesifiwa ulimwenguni kote, hufanya safari ya namna hiyo kutoka baharini, ila salmoni wengi wa Pasifiki hufa wakisha kutaga, na ningu huishi apate kupanda tena. Wamarekani walibomoa mabwawa mawili katika Mto Elwha kati ya mwaka 2011 na 2014 ili salmoni wapate njia. Sisi huku karibu na ziwa hatuna bwawa la kubomoa. Vizuizi vyetu ni nyavu na majembe.

Husemwa kuwa sangara ndiye aliyemmaliza ningu. Siafiki. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na akatapakaa hasa miaka ya 1980, lakini ningu alikuwa amekwisha pungua vibaya kabla ya hapo. Wazee walimvua kwa wando na migono, nao hawakukosa kitoweo. Zilipofika nyavu za nailoni miaka hiyo ya 1950, zilitandazwa kwenye midomo ya mito zikanasa majike wenye mayai tumboni. Leo ningu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka.

Kazi ya usiku ina taratibu zake. Kwanza twaripoti kituo cha polisi, kwa kuwa sehemu hii ya Sio ndiyo mpaka wa Uganda na Kenya, na mtu mwenye tochi majanini saa nane za usiku hana budi kueleza anatafuta nini. (Askari mmoja aliniuliza kama kweli kuna mshahara wa kuhesabu samaki. Nilimjibu kuwa upo, ingawa si mnono.) Twasoma kina cha maji kwenye nguzo yenye alama, twazamisha kisahani cheupe na cheusi kuona kinapotelea wapi katika tope, twatega wavu wa mfuko, kisha twangoja. Anayeingia hulazwa juu ya ubao wenye rula na tumbo lake hubonyezwa polepole. Jike aliye tayari hutoa mayai, dume hutoa maji meupe kama maziwa. Huandikwa, akaachiliwa upande wa juu wa wavu aendelee na safari. Mikono sharti iwe imelowa, maana mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na maradhi. Katika masika ya mwaka jana, usiku uliokuwa mzuri kuliko yote, tulipata majike saba. Mzee mvuvi tunayefuatana naye, ambaye utotoni aliona vikapu vikijaa, alikunja vidole saba, akavitazama, asiseme neno.

Lakini kuhesabu tu hakuzai samaki. Jike anayefika juu akakuta mafunjo yamefyekwa na shamba limeshuka mpaka majini, atataga wapi? Udongo uliolimwa huporomoka ukayafukia mayai, na maji ya mafuriko hupita mbio badala ya kutulia nyasini. Kanuni za mwaka 2000 zilitenga mita 100 kila upande wa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mito mingine.

Nilikwenda kwa mama mmoja mjane kumweleza hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, ukanda huo ndio sukuma yangu ya kiangazi, na sukuma hiyo ndiyo karo. Huyo samaki wako atamlipia mjukuu wangu?"

Sikuwa na jibu la kumtosha, na sidhani karatasi ya amri ingekuwa jibu. Sheria ni ya haki, ila haimlishi mtu. Tulikaa barazani mpaka jua likapinda. Mwishowe tulipatana kwamba sehemu iliyo karibu na maji apande matete, ambayo ng'ombe wake angekula na mengine akayauza, na mahali pa chini panapofurika papumzike, mafunjo yaote yenyewe. Sehemu ya juu aliendelea kuilima. Haikutimiza kipimo cha kanuni, nami niliandika hivyo katika taarifa yangu bila kuficha.

Matete yameshika. Masika haya maji yalikaa katika bonde lile siku kadhaa, na tulipochota kwa chandarua tulikuta vifaranga vya samaki, vidogo kama punje za mchele. Kama ni ningu au ni wengine hatukuweza kuvitambua kwa macho. Tumevitia katika chupa vipelekwe kwa wataalamu Jinja. Mjane alikuja kuvitazama, akauliza vitachukua muda gani kuwa kitoweo.

Ukingo wa pili ni Kenya, na huko nako yupo mwenzangu mwenye nguzo na daftari lake. Maji yakijaa hatuwezi kuvuka, basi hupigiana kelele ng'ambo kwa ng'ambo, yeye akitaja hesabu yake nami nikitaja yangu.