Masikio Nayo Huzoea

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mzee wa Tabata kapita dukani. Anasema spika alizochukua mwezi uliopita "zimefunguka": mwanzoni zilikuwa kavu, tribo inachoma, sasa besi imelainika. Sikubishana naye. Ukingo wa koni hulegea kidogo saa za mwanzo, hilo lipo. Lakini mwezi mzima? Kilichobadilika zaidi ni yeye. Anayekaa jirani na mashine ya kusaga huacha kuisikia. Masikio ya mzee nayo yameshaipokea ile tribo kuwa ndiyo kawaida. Nina jozi nyingine ya aina ileile, haijatoka kwenye boksi. Nimemwomba aje Jumamosi tuzipige zote nyuma ya pazia.

Jumatano, 6 Agosti
Kijana wangu kawapigia wateja amplifaya mbili, ile ya bei kubwa kaifungulia juu kidogo. Bila shaka wakaipenda hiyo. Nimemweleza habari ya Fletcher na Munson wa maabara za Bell, 1933: sauti ikiwa chini sikio huipata besi kwa shida, ukipandisha inajitokeza. Ndiyo maana tofauti ya desibeli moja humfanya mtu aseme "hii ina uhai", wala hasemi "hii ina kelele zaidi". Dawa yake ni voltimita kwenye nyaya za spika, mlio wa hezi 1,000, usawazishe. Dakika chache tu. Wauzaji wengi hawazitaki dakika hizo, na sababu wanaijua.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimerudia kusoma jaribio la Floyd Toole na Sean Olive wa Harman, 1994. Wasikilizaji 40, wote wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo ya spika, si watu wa kubahatisha. Spika nne. Walipoziona, kubwa za gharama zilipata alama za juu na mfumo mdogo wa bei nafuu ukaachwa mbali. Pazia lilipowekwa, pengo likapungua sana. Lakini kilichonikaa ni kingine: spika ilipohamishwa chumbani, au wimbo ulipobadilishwa, walipokuwa wakiziona karibu hawakutofautisha, nyuma ya pazia walitofautisha. Yaani jicho halikuwadanganya tu juu ya bei, liliwanyima hata kile ambacho masikio yao yalikiweza.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee kaja, kaona pazia, kacheka. "Mwanangu, nyumbani kwangu nasikiliza macho wazi. Ya nini kunifumba?" Hoja yake ina uzito, raha ya kuzitazama spika sebuleni ni raha, na kailipia. Ila hiyo ni raha ya sebule. Kwa anayekuja kununua, kuanzia Jumatatu voltimita inakaa kaunta, pazia linashuka, na bei naitaja mwisho. Asiyetaka pazia simlazimishi. Punguzo hapati.